Paka jike afungwe uzazi kabla hajazaa

KATIKA mtaa wa Mutuini, magharibi mwa jiji la Nairobi, ni nadra kupata ploti isiyo na paka. Hapa mji na shamba vimekutana. Nyumba za mawe na za mabati za kupangisha zimesimama kando ya vishamba vya mahindi na sukumawiki, na nyuma ya baadhi ya nyumba mna zizi la ng'ombe wa maziwa na gunia la chakula cha mifugo. Palipo na gunia pana panya, na palipo na panya, paka hukaribishwa bila kuulizwa alikotoka. Nao paka wasio na mwenyewe hujipatia mabaki kwenye bucha na karibu na vichinjio vya Dagoretti.

Lakini paka huyo aliyekaribishwa kwa furaha huleta swali gumu baada ya miezi michache. Kama ni jike, watoto wake watakwenda wapi?

Mara ya kwanza majirani huwachukua. Mara ya pili huchukuliwa mmoja au wawili. Mara ya tatu kila mtu ana paka wake na hataki mwingine. Hapo ndipo watoto wa paka hutiwa ndani ya gunia au katoni na kutupwa jaani, au kuachwa usiku karibu na bucha. Wengi wao hufa kwa njaa, baridi, mbwa na magari. Wanaosalia hukua bila chanjo wala mwenyewe, nao huanza kuzaa.

Somo la leo linahusu njia ya kuepuka hayo yote, yaani upasuaji wa kumfunga paka jike uzazi. Tutaeleza upasuaji wenyewe ni nini, unamsaidiaje paka na watu wa nyumbani, na jinsi ya kumtunza mgonjwa akirudi nyumbani. Ila kuna jambo moja ambalo msomaji anapaswa kulishika tangu mwanzo: wakati unaofaa ni kabla paka hajapata joto la kwanza, akiwa na umri wa miezi 4 hadi 5. Si baada ya kuzaa "mara moja tu", kama wengi wanavyoamini.

HAKUNA MSIMU WA KUPUMZIKA

Mfugaji wa ng'ombe wa Mutuini anajua dalili za joto. Ng'ombe hulia, hupanda wenzake na kupunguza maziwa. Paka naye ana dalili zake. Hulia usiku kucha kwa sauti kama ya mtoto mchanga, hujigaragaza sakafuni, hujisugua miguuni mwa watu, huinua kiuno na kupindua mkia upande mmoja. Mtu asiyejua hudhani ana maumivu ya tumbo. Hana ugonjwa wowote. Anatafuta dume.

Joto hilo huchukua kama wiki moja. Asipopandwa, hutulia kwa siku chache kisha huanza tena, mara nyingi baada ya wiki 2 au 3. Aidha, mayai ya paka hayatoki mpaka apandwe, kwa kuwa tendo lenyewe ndilo linaloyatoa. Kwa sababu hiyo ni rahisi sana kwa paka kushika mimba, na watoto wa uzao mmoja wanaweza kuwa na baba tofauti.

Kinachoongoza mzunguko huu ni urefu wa mchana. Katika nchi za mbali na ikweta, kama Uingereza, mchana huwa mfupi sana wakati wa baridi, na paka wengi hukaa miezi kadhaa bila kutafuta dume. Mwili wao hupata nafasi ya kupumzika. Nairobi haiko hivyo. Jiji letu liko kama kilomita 140 tu kusini mwa ikweta, na tofauti kati ya mchana mrefu zaidi na ule mfupi zaidi wa mwaka haifiki hata robo saa. Kwa mwili wa paka, kila mwezi ni msimu wa kuzaa. Hata baridi ya Julai, inayowafanya wakazi wa Dagoretti kutafuta makoti, haimzuii.

Mimba ya paka huchukua kama wiki 9. Kwa kawaida huzaa watoto 3 hadi 5, na anaweza kushika mimba nyingine hata akiwa bado ananyonyesha. Paka jike wa kawaida hupata joto la kwanza akiwa na miezi 6 hivi, na baadhi hulipata mapema wakiwa na miezi 4. Huyo bado ni mtoto machoni pa mwenye nyumba, lakini tayari anaweza kuwa mama.

Tufanye hesabu ndogo. Tuseme paka mmoja azae mara 3 kwa mwaka, watoto 4 kila mara. Hao ni watoto 12. Kama uzao wa kwanza ni wa Januari na una majike wawili, hao nao wataweza kuzaa kufikia Agosti, watoto 4 kila mmoja. Jumla ni 20 kabla ya mwaka kwisha, na wote wametokana na paka mmoja aliyeletwa kukamata panya. Huu ni mfano tu, na wengi wa watoto hao hawangeishi. Lakini kufa kwao ndilo jambo tunalotaka kuliepuka.

UPASUAJI HUU NI UPI

Wengi wanaposikia "kufunga uzazi" hufikiria upasuaji wa wanawake, ambapo mirija hufungwa na viungo vingine kubaki. Kwa paka sivyo. Daktari wa mifugo huondoa ovari zote mbili, na mara nyingi mji wa mimba pia.

Tofauti hiyo ni muhimu. Ovari ndizo zinazotoa homoni zinazoleta joto. Kama mirija ingefungwa tu, paka hangezaa, lakini angeendelea kulia usiku, kuzurura na kuita madume uani. Ovari zikiondolewa, kelele na mimba huisha pamoja.

Paka hupewa dawa ya kutuliza maumivu na ya nusukaputi hadi alale kabisa. Manyoya hunyolewa tumboni au ubavuni, ngozi husafishwa kwa dawa, kisha daktari hupasua tundu dogo, hutoa viungo hivyo, hufunga mishipa ya damu na kushona tabaka moja moja. Kwa paka mchanga mwenye afya, upasuaji wenyewe mara nyingi hauzidi nusu saa. Paka wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Kwa paka mdogo mishipa ya damu ni membamba, mafuta ya tumboni ni kidogo, na kidonda hupona haraka. Kwa paka aliyezaa mara nyingi, au aliye kwenye joto, damu hujaa katika viungo hivyo na kazi huwa ngumu zaidi, ingawa inawezekana. Hii ni sababu ya kwanza ya kutongoja.

AFYA YA PAKA MWENYEWE

Sababu ya pili ni saratani ya matiti. Uvimbe wa matiti kwa paka si jambo la kupuuzwa, kwani sehemu kubwa ya uvimbe huo huwa ni saratani, na husambaa hadi mapafuni. Utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka wa 2005 ulionyesha kwamba paka waliofungwa uzazi kabla ya miezi 6 walikuwa na hatari ndogo kwa asilimia 91 ikilinganishwa na wale ambao hawakufungwa. Waliofungwa kati ya miezi 7 na 12, hatari ilipungua kwa asilimia 86. Waliofungwa baada ya miaka 2 hawakupata kinga hiyo.

Msomaji azingatie namba hizo. Upasuaji ni ule ule na mara nyingi gharama haitofautiani sana. Kinachotofautiana ni faida, nayo hupotea kadiri mwenye paka anavyochelewa.

Sababu ya tatu ni usaha katika mji wa mimba. Ugonjwa huu huja wiki chache baada ya joto. Paka hukataa chakula, hunywa maji mengi, tumbo huvimba na pengine uchafu wenye harufu hutoka nyuma. Asipotibiwa upesi sumu huingia katika damu na kumwua. Tiba yake ya kawaida ni kuondoa mji wa mimba, yaani upasuaji ule ule, lakini sasa kwa mgonjwa mahututi. Kinga ni bora kuliko tiba, na hapa pia ni rahisi kuliko tiba.

Tena kuna hatari za kuzaa kwenyewe. Paka wa miezi 6 au 7 bado anakua. Anapobeba watoto wanne tumboni na kisha kuwanyonyesha, chakula kidogo anachopata hugawanywa. Wengine hukwama wakati wa kuzaa, jambo linalohitaji daktari usiku wa manane.

Isitoshe, paka anayezurura kutafuta dume hukutana na magari, mbwa na mapigano. Kuumana kwa paka hueneza virusi vinavyodhoofisha kinga ya mwili wa paka. Virusi hivyo havimwambukizi binadamu, ila kwa paka havina tiba ya kuviondoa.

AFYA YA WATU WA NYUMBANI

Ugonjwa wa kwanza wa kufikiria ni kichaa cha mbwa. Ni kweli kwamba karibu visa vyote vya binadamu hutokana na mbwa, lakini paka naye anaweza kuumwa na mbwa mwenye kichaa kisha amwume mtoto. Mwaka wa 2014 Kenya ilizindua mpango wa kukomesha vifo vya binadamu vinavyotokana na ugonjwa huu ifikapo 2030. Mpango kama huo hutegemea chanjo, na ni vigumu kuchanja paka wasio na mwenyewe wanaoongezeka kila mwezi. Paka mmoja aliyefungwa uzazi na kuchanjwa ni salama zaidi kwa ploti kuliko paka kumi wasiojulikana wametoka wapi.

Mtu akiumwa au kukwaruzwa na paka asiyejulikana, kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kuuliza kuhusu chanjo. Asingoje dalili. Dalili za kichaa zikishaanza, mgonjwa ni nadra sana kupona.

Ugonjwa wa pili ni toksoplasmosi, ambao akina mama wajawazito wameusikia kliniki. Vimelea vyake hutoka katika kinyesi cha paka, hasa paka mchanga aliyeanza kula panya na ndege. Kwa kawaida paka huvitoa kwa wiki chache tu baada ya kuambukizwa mara ya kwanza. Kwa hiyo nyumba yenye watoto wapya wa paka kila baada ya miezi minne ina hatari zaidi kuliko nyumba yenye paka mmoja mzima.

Hii haina maana kwamba mjamzito amfukuze paka. Nyama isiyoiva vizuri na mboga zisizooshwa ni njia kubwa za kuambukizwa. Mama mjamzito amwachie mtu mwingine kazi ya kuzoa kinyesi, na kizolewe kila siku, kwa sababu vimelea huhitaji siku 1 hadi 5 nje ya mwili kabla ya kuweza kuambukiza. Avae glavu anapolima bustani, na anawe mikono kabla ya kula.

IMANI ZINAZOWACHELEWESHA WATU

"Aache azae mara moja kwanza." Hakuna faida ya kiafya inayojulikana kwa paka kuzaa mara moja. Kama tulivyoona, anayengoja hupoteza sehemu ya kinga dhidi ya saratani. Paka hana mawazo ya kukosa watoto kama binadamu, wala hasikitiki kwa jambo ambalo mwili wake haumkumbushi.

"Ataacha kukamata panya." Uwindaji wa paka hautokani na ovari. Paka huwinda kwa sababu ndivyo alivyoumbwa, hata akiwa ameshiba. Jike aliyefungwa uzazi hukaa zaidi nyumbani, hivyo panya wa kwako ndio watakaomwona kwanza.

"Atanenepa na kuwa mvivu." Hapa pana ukweli kidogo. Baada ya upasuaji mwili huhitaji chakula pungufu, pengine kwa robo hivi, huku hamu ya kula ikiongezeka. Dawa yake ni kipimo cha chakula. Paka hanenepi kwa upasuaji bali kwa sahani.

"Ni ukatili." Upasuaji unaofanywa na daktari, kwa dawa ya usingizi na ya maumivu, huleta uchungu wa siku chache. Ukatili ni gunia la watoto wa paka jaani. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inahesabu kuwa kosa kumtelekeza mnyama wako bila sababu ya haki katika hali inayoweza kumletea mateso. Wahenga nao walisema paka wa nyumba haingwa.

"Nitampa tembe za kupanga uzazi." Hili ni kosa la hatari. Tembe na sindano za wanawake hazikupimwa kwa mwili wa paka wa kilo tatu. Hata dawa za homoni zinazotengenezewa paka zinaweza kuleta usaha katika mji wa mimba, uvimbe wa matiti na kisukari, hasa zikitumiwa kwa muda mrefu. Mwenye paka asijaribu dawa yoyote ya aina hiyo bila daktari.

UMRI UNAOFAA

Kwa miaka mingi madaktari wengi walingoja miezi 6. Tatizo ni kwamba baadhi ya majike huwa tayari na mimba kufikia umri huo. Mwaka wa 2017 chama cha madaktari wa mifugo cha Marekani, AVMA, kiliunga mkono pendekezo la kuwafunga paka uzazi kufikia miezi 5. Hapa kwetu, ambako jua halimpi paka likizo, sababu ya kufuata pendekezo hilo ina uzito zaidi.

Kama paka wako amekwisha kupita umri huo, usikate tamaa. Paka mzima mwenye afya anaweza kupasuliwa wakati wowote. Kama ana mimba, mwone daktari mapema akushauri. Kama ananyonyesha, kwa kawaida husubiriwa watoto waachishwe, wakiwa na wiki 6 hadi 8, na maziwa yakauke. Muda huo wote afungiwe ndani, la sivyo atarudi kwa daktari na mimba nyingine.

KUMPATA DAKTARI

Kazi hii ni ya daktari wa mifugo aliyesajiliwa. Chini ya sheria ya mwaka wa 2011, Bodi ya Madaktari wa Mifugo nchini ndiyo husajili wenye ruhusa ya kutibu wanyama. Mwuzaji wa duka la dawa za mifugo anaweza kuwa mtu mwema na mwenye ujuzi wa dawa za minyoo, lakini hilo halimpi ruhusa ya kupasua tumbo.

Wakazi wa Mutuini, Waithaka, Riruta na Uthiru wana bahati ya kuwa karibu na Kabete, ambako Chuo Kikuu cha Nairobi kina kitivo cha tiba ya mifugo na kliniki ya wanyama wadogo. Upande wa Karen, kando ya barabara ya Langata, ndiko yaliko makao ya KSPCA, chama cha kulinda na kutunza wanyama kilichoanzishwa mwaka wa 1910. Kuna pia kliniki za kibinafsi mitaani.

Kabla ya kukubaliana bei, uliza maswali haya: Je, ada inajumlisha dawa ya usingizi na ya maumivu? Je, kutoa nyuzi na kumwona tena mgonjwa hulipiwa kando? Paka anaweza kuchanjwa siku hiyo hiyo? Bei ya chini isiyo na dawa ya maumivu si nafuu.

KABLA NA BAADA YA UPASUAJI

Siku moja kabla, mfungie paka ndani usiku ili asipotee asubuhi wala asile nje. Asipewe chakula kwa saa ambazo daktari atakueleza, kwa kawaida saa 6 hadi 8 kwa paka mkubwa na saa chache zaidi kwa mdogo. Maji aachiwe mpaka asubuhi. Akila kabla ya dawa ya usingizi anaweza kutapika na chakula kuingia mapafuni.

Mbebe katika kikapu chenye kifuniko au katoni ngumu yenye matundu, iliyofungwa kwa kamba. Usimbebe mikononi ndani ya matatu. Honi moja tu inatosha kumfanya aruke na kukukwaruza uso.

Akirudi nyumbani, mweke katika chumba chenye joto, tulivu na bila watoto wala mbwa. Atapepesuka kwa saa kadhaa, hivyo asiwekwe juu ya kiti au meza. Chupa ya maji moto iliyofungwa kwa taulo inafaa, lakini usimlaze karibu na jiko la makaa, kwa sababu moshi na hewa yake ni hatari kwake na kwako. Mpe chakula kidogo jioni. Badala ya mchanga, weka gazeti kuukuu lililokatwakatwa katika choo chake ili vumbi lisiingie kidondani. Hata hili linafaa likishasomwa.

Kwa siku 10 hadi 14 asitoke nje, asiogeshwe, wala asipande juu ya kabati. Angalia kidonda asubuhi na jioni. Asikirambe. Kama anakiramba, mwombe daktari kola ya kumzuia. Nyuzi za nje hutolewa baada ya siku hizo, na nyingine huyeyuka zenyewe.

Mrudishe kwa daktari bila kuchelewa ukiona damu inadondoka, kidonda kimefunguka au kina usaha, fizi zimekuwa nyeupe, au amekataa chakula kwa zaidi ya siku moja. Kama baada ya miezi kadhaa ataonyesha tena dalili za joto, huenda kipande cha ovari kilibaki. Hilo hutokea mara chache na hurekebishwa.

DAWA ZINAZOUA

Sehemu hii isomwe na kila mtu wa nyumba. Usimpe paka paracetamol. Ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo jinsi la binadamu linavyofanya. Damu yake hushindwa kubeba hewa ya oksijeni, fizi hugeuka rangi ya samawati au kahawia, uso huvimba, na tembe moja tu ya miligramu 500 inaweza kumwua. Ibuprofen na aspirin pia zina madhara makubwa kwake. Kama paka ana maumivu, tumia dawa aliyoandikiwa na daktari, kwa kipimo chake.

Usimpake Dettol kwenye kidonda. Dawa hiyo ya kuua viini ina sumu kwa paka, naye huilamba anapojisafisha. Kidonda kilichoshonwa vizuri huhitaji kukaa kikavu, basi.

PAKA WA JAANI

Wasomaji wengine watauliza: kuna faida gani kumpasua paka wangu ikiwa kumi wengine wanazaa nje? Jibu ni kwamba wengi wa hao wa nje, au mama zao, walitoka majumbani. Kila jike anayefungwa uzazi ni bomba moja lililozibwa.

Ploti zinaweza pia kushirikiana. Wapangaji wakichanga, wanaweza kumlipia paka mmoja anayezunguka uani mwao, kisha mwingine. Katika nchi nyingi paka wasio na mwenyewe hunaswa, hufungwa uzazi, huchanjwa na kurudishwa walikotoka, ncha ya sikio ikiwa imekatwa kidogo wakati wa usingizi iwe alama. Kuwaua au kuwahamisha tu hakusaidii sana, kwani palipo na chakula, paka wengine huja kujaza nafasi. Aidha, paka shume wahasiwe pia. Upasuaji wao ni mwepesi zaidi, nao hupunguza mapigano na harufu ya mkojo ukutani.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Paka wa Nairobi anaweza kushika mimba mwezi wowote wa mwaka.

2. Mpeleke kwa daktari akiwa na miezi 4 hadi 5, kabla ya joto la kwanza. Hahitaji kuzaa kwanza.

3. Upasuaji wa mapema humkinga dhidi ya saratani ya matiti na usaha katika mji wa mimba.

4. Tumia daktari wa mifugo aliyesajiliwa, na omba chanjo ya kichaa siku hiyo hiyo ikiwezekana.

5. Mfungie ndani siku 10 hadi 14 baada ya upasuaji. Usimpe paracetamol kamwe.

Mwenye paka jike mdogo nyumbani na ahesabu miezi yake leo. Kama amefikisha minne, siku ya kumwona daktari imefika.